Shanga za Jumatano

Nesi alifika Jumamosi saa tatu asubuhi, akamkuta Bimkubwa amekaa kitandani kama alivyozoea, mito mitatu mgongoni, mpira mwembamba wa oksijeni puani, mashine ikinguruma pembeni. Alimwamkia, hakuitikiwa. Akamwamkia tena, huku mkono tayari uko shavuni kwake, na shavu lilikuwa baridi. Bimkubwa alikuwa amekufa tangu usiku, peke yake, na mashine iliendelea kumsukumia hewa kana kwamba hakuna lililotokea.

Nesi alikuwa mtu wa kazi yake. Kulia alilia baadaye, jikoni, mpaka akaazimwa kanga ya kufutia kamasi. Kwanza alitoa mkobani kipimo chake kidogo, akakichomeka kwenye mpira. Hewa iliyotoka ilipaswa kuwa oksijeni karibu tupu. Kipimo kilisema nusu. Akaigeuza mashine, akafungua kifuniko cha nyuma, akachomoa sponji inayochuja vumbi, na vidole vyake vikatoka na unga mweupe kama wa chaki.

"Hii siyo mashine yake," alisema, ingawa chumbani hakukuwa na mtu hai wa kumsikia. Akapiga simu polisi kabla hajamwita mtu yeyote wa nyumba ile, na Kaka, mtoto mkubwa wa marehemu, mpaka leo hajamsamehe kwa hilo.

Inspekta aliyekuja alikuwa mama wa makamo ambaye kituoni walimwita Kobe. Walidhani hajui. Alijua sana, na jina hakulichukia, maana kobe haambiwi na mtu aharakishe. Alivua viatu mlangoni, akaomba kiti, akakaa karibu na kitanda bila kusema neno, mpaka konstebo aliyefuatana naye akaanza kuona aibu kwa niaba yake.

Chumba kilikuwa na dirisha moja lenye nondo, lililotazama ukuta wa jirani. Palikuwa na meza ya dawa. Chini ya kitanda palikuwa na kandambili kubwa za kiume, kwa sababu miguu ya Bimkubwa ilikuwa imevimba na viatu vyake mwenyewe vilikuwa vimeshamkataa. Inspekta aliushika mpira wa oksijeni, akaunyoosha, akatembea nao. Ulimfikisha dirishani. Ulimfikisha chooni. Ulimfikisha kizingiti cha sebule, ukamvuta kumrudisha.

"Huyu mama hajafika mlango wa nje muda gani?" aliuliza.

"Miaka sita, afande." Aliyejibu alikuwa mwanamke aliyesimama kwenye korido, mwembamba, mikono imelowa povu la sabuni. Alikuwa mke wa Kaka, yaani mkwe wa marehemu, na ndiye aliyekuwa akimwogesha, akimlisha na kulala chumba cha pili mlango wazi ili amsikie akikohoa. Nyumba nzima ilimwita Wifi, kwa jina aliloitwa na mdogo wa mumewe.

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Hujafika mlango wa nje muda gani?"

Wifi alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeulizwa jambo la kijinga. "Mimi naenda sokoni, afande. Akiwepo mtu wa kukaa naye."

Inspekta aliinama kwenye mashine, boksi la kijivu lenye magurudumu na kibao cheusi mbele. Kwenye kibao kulikuwa na kimrija cha kioo chenye gololi ndani, na gololi ilikuwa imesimama kwenye namba tatu, kama daktari alivyoagiza. Chupa ya maji ya kulainishia hewa ilifungwa mahali pake. Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Ubavuni kulikuwa na alama ya kuungua, ndogo, ya mviringo.

"Moto umefikaje huku?"

"Huku hakuna moto," Wifi alisema. "Moto uko nyuma, kwa Shanga."

Shanga alikuwa binti wa Bimkubwa, mtoto wake wa pili, na jina hilo alilipata akiwa mdogo kwa kuokota kila kinachong'aa. Sasa alikuwa fundi wa vioo. Karakana yake zamani ilikuwa stoo, nyuma ya jiko, chumba cha kugeukia tu, chenye meza iliyopigwa bati, feni ya kutoa moshi iliyotobolewa ukutani, na kichomeo kilichofungwa mezani kama bomba dogo lililolazwa. Mipira miwili iliingia kwenye kichomeo hicho. Mmoja ulitoka kwenye mtungi wa gesi uliokuwa nje ya ukuta. Wa pili ulitoka kwenye mashine ya oksijeni chini ya meza, na mashine hiyo ilikuwa pacha wa ile ya chumbani.

Inspekta alichuchumaa, akafungua kifuniko cha nyuma, akachomoa sponji. Ilikuwa safi, na unga mweupe kidogo tu juujuu.

"Hii ndiyo ya mama yako," alisema.

Shanga alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kazi, macho mekundu. "Nimeona," alisema. "Nesi aliponiambia nilikuja kutazama. Nimeona."

"Nieleze kazi yako. Kama unamweleza mtu mjinga."

Shanga alieleza, mwanzoni kwa shida, halafu kwa ile raha ya mtu anayeongelea kitu anachokipenda, halafu akakumbuka na sauti ikashuka tena. Gesi peke yake, alisema, inatoa moto mvivu, wa njano, wenye masizi. Kioo kinataka moto mkali, na ukali unatokana na oksijeni. Mitungi ya oksijeni ni mizito na hakutaka kuiweka ndani ya nyumba yenye mgonjwa. Ndipo akapata mashine kuukuu iliyotupwa na zahanati moja. Inavuta hewa ya chumbani, inachuja, inatoa oksijeni kwenye mpira. Ilikuwa imechoka. Kwa mgonjwa haifai, kwa shanga inatosha kwa kubembeleza.

"Na huu unga?"

"Udongo mweupe, afande. Nachovya kijiti cha chuma, kioo nakizungushia juu yake, kikipoa shanga inachomoka. Bila udongo inaganda palepale. Unapeperuka. Mashine iko chini ya meza, inauvuta wote."

"Kwa hiyo mashine yako imekwenda kitandani kwa mama yako, na yake imekuja kwako. Nani aliyezibadilisha?"

"Sijui."

"Ulizibadilisha wewe?"

"Sikuzigusa." Aliinua uso. "Afande, mimi najua ile mashine ni mbovu. Ningempa mama yangu?"

Inspekta alitoa simu, akaonyesha picha aliyoipiga ya kile kibao cheusi. Aliikuza kwa vidole. "Nimepitisha kucha hapa, kando ya taa ya kijani. Pana rangi nyeusi, imepakwa. Chini yake pana nini?"

Shanga aliisogeza simu karibu na macho.

"Taa ya njano," alisema. "Inawaka oksijeni ikiwa hafifu. Kwa ile mashine ilikuwa inawaka kutwa. Inanichoma jicho wakati nasoma rangi ya moto. Niliipaka rangi ya kucha. Zamani, afande, mwaka jana. Kwa kazi yangu taa haina maana, moto wenyewe unaniambia."

Konstebo aliandika kwa haraka ya mtu aliyeona kesi imekwisha. Inspekta alimzuia kalamu kwa kidole. "Hili la rangi," alisema, "halitoki nje ya chumba hiki. Si kwa kaka, si kwa wifi, si kwa nesi. Umenielewa, Shanga?"

Kaka alikuwa msimamizi wa ghala, mtu wa sauti kubwa na funguo nyingi kiunoni. Alihojiwa sebuleni saa saba, na hakungoja kuulizwa.

"Nilisema. Nilisema mara ngapi. Moto na oksijeni chini ya paa moja na mama yangu! Mama akasema muache mtoto afanye kazi yake. Haya, kafanya. Ana oda ya shanga za feruzi, duka la nguo za harusi linazitaka mwisho wa mwezi, na mashine yake inamtolea rangi ya matope. Kila siku analia rangi, rangi. Na chumbani kwa Mama kuna mashine mpya. Unataka nikuchoree picha, afande?"

"Jumatano mchana ulikuwa wapi?"

"Kazini. Kwa nini Jumatano?"

"Nauliza tu. Wiki nzima nitaiuliza." Hapo Inspekta alidanganya, maana konstebo alikuwa ameshapiga simu ghalani kuuliza juu ya kila siku, na walinzi wa getini walikuwa na kumbukumbu nzuri juu ya bosi wanayemwogopa. "Jumatano ulitoka saa sita na nusu, ukarudi saa nane na kitu. Siku nyingine hukutoka."

Kaka alizishika funguo kiunoni, zikaacha kulia.

"Nilisahau miwani," alisema. "Nikala. Shanga hakuwepo, alikuwa amekwenda kubadilisha mtungi wa gesi. Niliingia kwenye hiyo karakana yake, ndiyo. Nilitaka kuona kama kweli amezima kila kitu. Ni kosa?"

"Halijawa. Mkeo alikuwa wapi?"

"Na Mama. Atakuwa wapi tena?"

Wifi alikubali kwamba mumewe alikula nyumbani Jumatano. Alisema alipakua chakula, akarudi chumbani kumwosha Bimkubwa nywele, na hakuona nani aliingia wapi. Aliyasema haya akiwa anakunja mashuka ya marehemu, na aliyakunja vizuri kabisa, pembe kwa pembe. Inspekta alimwomba aone chumba chake. Ndani ya kabati, chini, kulikuwa na mifuko miwili ya nguo imesimama sambamba, yote imefungwa zipu.

"Huu wa hospitali," Wifi alisema kabla ya kuulizwa. "Mgonjwa kama Mama, mfuko wa hospitali unakaa tayari. Akichoka ghafla unabeba unakwenda."

Inspekta aliufungua. Kanga mbili, sabuni, taulo, nepi za watu wazima, vyeti vya daktari. Aliufungua na wa pili. Gauni jipya la mzee, dawa ya kuchua, biskuti laini, na kandambili mpya za kike, nyekundu, ndogo.

"Na huu?"

"Vitu vyake vingine," Wifi alisema, akaichukua zipu mkononi mwa Inspekta, akaifunga.

Jioni mkuu wa kituo alipiga simu. Alitaka kujua kwa nini Kobe bado anatambaa wakati mtuhumiwa amekaa kwenye kiti na ushahidi uko chini ya meza yake. Mazishi yalikuwa Jumapili saa kumi. Binti aletwe kituoni kabla ya hapo, alisema, watu wasije wakafanya fujo makaburini. Kaka naye alishatangaza sebuleni, mbele ya majirani, kwamba aliyemuua mama hatatia udongo kwenye kaburi lake.

Shanga aliyasikia hayo yote kupitia ukuta. Konstebo alikuwa ameketi mlangoni pa karakana, na kwa kuwa karakana haikuwa na dirisha, Shanga alikuwa amefungiwa humo na kichomeo chake kilichozimwa na joto la bati. Inspekta alipoingia alimkuta ameegemeza kichwa mezani.

"Afande," alisema bila kuinua kichwa, "mnifunge. Lakini mnifunge baada ya kumzika. Nitakwenda na pingu, sijali. Nimwone akishushwa tu."

Inspekta alivuta ndoo, akaikalia. Ukutani juu ya meza palining'inia waya mrefu uliotungwa shanga, nyingi, nyingine nzuri, nyingine zimepinda kama meno ya mzee.

"Kwa nini umetunga na mbovu?"

"Natunga zote," Shanga alisema. "Kila inayotoka kwenye kijiti inakwenda kwenye waya, kwa zamu yake. Oda ikiisha ndiyo nachambua. Aliyenifundisha alikuwa anasema ukiitupa mbovu leo, kesho utairudia."

"Na hizi nyeupe ndogo katikati?"

"Za kuonja moto. Kila nikikaa, nikiwasha, ya kwanza natengeneza nyeupe. Nyeupe haifichi. Moto ukiwa na masizi inatoka ya kijivu, najua nikae na kioo mbali, kwenye ncha ya moto, taratibu."

Inspekta alinyanyuka, akaushusha waya, akaulaza mezani chini ya taa. Akaanza kuupapasa kutoka mwanzo, shanga moja baada ya nyingine, na hapa jina lake la kituoni lilimfaa. Nyeupe iliyo kijivu, halafu feruzi zenye utando wa kahawia, kama zimemwagikiwa chai. Kijivu tena, feruzi za matope tena. Kijivu, matope. Halafu, bila onyo, nyeupe iliyokuwa nyeupe kweli, kama maziwa.

"Hii ni ya lini?"

Shanga alisogea. "Jumatano. Ile kabla yake ya asubuhi. Hii ya mchana, niliporudi na mtungi mpya." Alikunja uso. "Nilidhani ni gesi mpya. Nikasema leo gesi imekuja safi."

"Na hizi nne zinazofuata mbona zimeyeyuka?"

Zilikuwa zimeyeyuka hasa, zimetiririka upande mmoja, moja imegandamana na jirani yake. Baada ya hapo zilifuata feruzi safi, za mviringo, nzuri kiasi kwamba konstebo aliinuka mlangoni kuja kutazama.

"Moto ulikuwa mkali mno," Shanga alisema polepole. "Mkono wangu umezoea moto mbovu. Nikakaa na kioo palepale ninapokaa siku zote, kikanimwagikia. Nilijichoma hapa." Alionyesha kidole gumba, chenye lengelenge linalokauka. "Nne ziliharibika kabla sijauzoea."

Inspekta alikitazama kidole, akautazama waya. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alijisikia anapumua. Mtu aliyeiba moto mzuri angeujua ni mzuri kabla ya kukaa. Asingeungua.

Jumapili saa nane mchana aliwakusanya chumbani kwa marehemu. Nesi alisimama kwenye meza ya dawa, Kaka dirishani, Wifi kwenye kona ya kitanda kisicho na shuka, Shanga kati ya konstebo na mlango. Chumba kilikuwa kidogo, na watu sita walikijaza mpaka mlango ukabidi ufungwe ili konstebo apate pa kusimama. Nje majirani walikuwa wanapanga viti.

Mashine mbili zilikuwa katikati ya chumba, zimezimwa. Kando yake palikuwa na mpira wa puani na chupa ya maji.

"Mzee," Inspekta alimwambia Kaka, "nifungie mashine hii kama ilivyokuwa inafungwa kwa mama yako."

"Mimi?"

"Wewe."

Kaka alichuchumaa, funguo zikalia. Aliuchukua mpira, akautafutia tundu, akauchomeka moja kwa moja kwenye mashine. Akawasha. Gololi ikaruka juu kabisa. Aliizungusha swichi huku na huku, ikashuka mpaka chini, ikabaki huko. Jasho lilimtoka. Chupa ya maji ilibaki sakafuni, na hakuiuliza ni ya nini.

"Miaka sita," Nesi alisema kwa sauti ndogo, na hakuna aliyemwomba anyamaze.

"Shanga," Inspekta alisema.

Shanga naye alifanya haraka, lakini aliweka gololi kwenye tano, mwisho wa mashine, kama anavyoweka kwa kichomeo, na chupa aliifunga mwishoni baada ya kusita. Wifi hakuombwa. Aliinama mwenyewe, bila kufikiri, akarekebisha chupa iliyokaa upande na kuishusha gololi kwenye tatu. Mkono wake ulikwenda wenyewe, kama mkono wa mtu anayemfunga mtoto kifungo.

"Aliyebadilisha mashine hizi Jumatano mchana," Inspekta alisema, "alihamisha na chupa, akaweka tatu. Mzee asingeweza. Huyu binti angeweza, lakini moto wa mchana ule ulimshtua, ukamuunguza kidole na kumharibia shanga nne. Hakujua. Nesi alikuwa upande wa pili wa mji kwa wagonjwa wengine. Lakini hilo silo linaloniuma. Linaloniuma ni hili." Aligeuka kwa Wifi, na sauti yake haikupanda. "Tangu Jumatano mpaka Ijumaa usiku ile mashine ilikuwa inatoa taarifa kwamba oksijeni ni hafifu. Taa ya njano iliwaka siku zote hizo. Na wewe ulikuwa humu. Ulimwacha mama wa watu afe huku taa inawaka mbele ya macho yako."

"Haikuwaka," Wifi alisema.

"Iliwaka."

"Haikuwaka, afande." Alikuwa amesimama. "Niliitazama kila saa. Usiku nilikuwa naamka kuitazama, Mungu ananiona. Kijani tu. Ingewaka ningemrudishia yake pale pale."

Nje mtu aliburuta kiti.

"Ungemrudishia yake," Inspekta alisema.

Wifi alikaa kitandani. Hakujaribu kuyarudisha maneno yake. Inspekta alimpa Shanga wembe mdogo, na Shanga, aliyekuwa ameshaelewa, akapiga magoti mbele ya ile mashine kuukuu, akaiwasha, akaanza kukwangua kando ya taa ya kijani. Rangi ya kucha ilitoka vipande vipande. Walingoja. Mashine ilinguruma, ikatulia kwenye mngurumo wake, na baada ya muda kidogo, pale palipokuwa peusi, taa ya njano ikawaka.

"Niliipaka rangi mimi, wifi," Shanga alisema. "Mwaka jana. Nilisahau kabisa kama ipo."

Wifi aliitazama ile taa kama mtu anayemtazama mgeni aliyechelewa. Kisha akaanza kulia, na alilia kwa sauti.

"Kwa nini?" Kaka aliuliza. Sauti yake kubwa ilikuwa imekwenda. "Alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Nilimpenda kuliko wewe ulivyompenda." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilitaka alazwe. Basi. Siku nne, tano. Ile wodi hawaruhusu mtu kulala na mgonjwa, wanamwangalia wenyewe. Ningepanda basi nikamwone mama yangu, nirudi kabla hajatoka."

"Mama yako?"

"Mama yangu. Anaumwa tangu masika. Nilikwambia. Ukasema subiri kidogo, nani atakaa na Mama? Nikakwambia tena, ukasema tafuta mtu. Mtu gani? Shanga ana kazi yake, wewe una ghala, na Mama hakubali mgeni amwogeshe. Nikasubiri. Dada yangu akapiga simu Jumanne, akasema mama ameanza kunisahau jina."

"Ungepunguza gololi tu," Nesi alisema, kama hakuweza kujizuia.

"Mgonjwa mwenyewe angeiona. Ile gololi alikuwa anaitazama kuliko anavyomtazama mtu." Wifi alivuta pumzi. "Nilimwambia nasafisha chujio. Huyu mume wangu alikuwa mezani anakula, mimi nasukuma mashine koridoni nyuma ya mgongo wake, hakugeuza hata shingo. Nikasema mbovu itamchosha taratibu, Jumamosi Nesi atakuja, atasema mpelekeni. Na ikizidi, taa itaniambia. Ijumaa usiku alisema hajisikii vibaya, ana usingizi tu. Nikamfunika. Asubuhi nikadhani bado amelala, nikamwacha."

Nesi aligeukia ukuta. Alikuwa ameona wagonjwa wengi wakilala usingizi wa namna hiyo.

"Zile kandambili nyekundu," Inspekta alisema. "Miguu ya marehemu isingeingia."

"Za mama. Ana miguu midogo."

Inspekta alifungua mlango, na hewa ya korido ikaingia. Alimwambia konstebo amwachie Shanga. Alimwambia Shanga akanawe uso, watu wanamngoja makaburini. Kaka alikuwa bado dirishani, ameshika nondo kwa mikono miwili, na dada yake alipopita akamwondolea kiti kilichokuwa njiani.

Wifi alitoka kati ya Inspekta na konstebo. Kwenye kizingiti cha sebule, pale mpira wa Bimkubwa ulipokuwa unaishia, alisimama, akageuka.

"Wifi," alimwita Shanga. "Ule mfuko wa pili. Wenye gauni."

"Nitaupeleka mimi," Shanga alisema.

Shanga alimzika mama yake saa kumi, akatia udongo kwa mkono wake. Jumatatu alipanda basi na mfuko magotini. Alikuta nyumba ya vyumba viwili, na mama mwenye mwili mdogo, mkavu, aliyekaa mlangoni akiota jua, ambaye alimtazama kwa furaha ya kumfahamu mtu asiyemjua.

"Umekuja, mwanangu," yule mama alisema.

"Nimetumwa na mwanao. Mimi ni wifi yake."

"Yeye mbona hakuja?"

Shanga alikuwa amelifikiria jibu njia nzima, na lote lilimpotea. "Hajapata wa kumwachia mgonjwa," alisema.

"Ndivyo anavyosema siku zote," yule mama alisema, bila kulalamika.

Shanga alipiga magoti, akamvua viatu vyake vilivyochakaa, akamvisha kandambili nyekundu, kulia, kisha kushoto. Zilimtosha vizuri.